Kuingiza Jeni ya Protini Inayoshika Metali katika Bakteria

Ndugu watazamaji, karibuni. Hapa mkoani Mbeya zebaki si ngeni, kwani wachimbaji wadogo wa Chunya huitumia kukamatia dhahabu, na sehemu yake huishia kwenye udongo na maji. Leo tunawapa bakteria wa maabara, E. koli aina ya BL21, jeni ya metalothaionini, protini iliyoripotiwa mwaka 1957 kutoka kwenye figo za farasi. Protini hii ina asidi amino nyingi za sisteini, na salfa iliyomo ndani ya sisteini ndiyo inayoshika ioni za metali, hata saba za zinki kwa molekuli moja. Tutajifunza kwa zinki, kwa sababu zebaki ni sumu kali mno kwa mazoezi.

Anzeni kwa kutakasa vifaa. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kipima shinikizo cha otoklevu (chungu cha kutakasia kwa mvuke wenye shinikizo) husoma tu shinikizo lililozidi lile la hewa ya nje. Kwa hiyo mshale unaweza kufika pale palipozoeleka pwani ilhali ndani joto halijafika nyuzi 121. Fuateni kipimajoto, kisha ndipo mhesabu dakika 20.

Yeyusheni bakteria waliotayarishwa kupokea DNA juu ya barafu, kamwe si kiganjani. Ongezeni mikrolita moja ya plazmidi (DNA ndogo ya mviringo) yenye jeni yetu pamoja na jeni ya kujikinga na ampisilini, dawa inayoua bakteria, acheni kwenye barafu dakika 30, hamishieni kwenye maji ya nyuzi 42 kwa sekunde 45, kisha rudisheni kwenye barafu mara moja. Wapeni virutubisho visivyo na ampisilini, wakae saa moja kwenye nyuzi 37, kwa kuwa wanahitaji muda wa kutengeneza kimeng'enya cha kujikinga na dawa hiyo kabla ya kupandwa kwenye agari (chakula kigumu cha bakteria) yenye ampisilini.

Kesho yake kuzeni koloni moja (kishada cha bakteria waliotokana na seli moja), na bakteria wakiongezeka vya kutosha tieni IPTG, kemikali ya kuwasha jeni, ili jeni ianze kazi, halafu zinki. Sambamba nao, kuzeni kwa namna ileile bakteria wenye plazmidi tupu, isiyo na jeni ya metalothaionini. Naomba hatua hii isirukwe, kwa sababu kila bakteria ana zinki yake ya asili, na bila kundi hilo la kulinganisha namba yoyote mtakayopata haitathibitisha kwamba protini imefanya kazi. Wakusanyeni kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili seli zizame chini) na muwaoshe vizuri, maana zinki iliyoganda nje ya ukuta wa seli itahesabiwa kana kwamba imeshikwa ndani. Pimeni zinki kwa kila gramu ya bakteria waliokaushwa.

Msiwapeleke bakteria hawa mtoni Chunya. Kuwaachia nje ya maabara kunahitaji kibali chini ya kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009. Mkimaliza, wauweni kwenye otoklevu, na mabaki myahifadhi kwenye chombo cha taka za metali, kwa kuwa joto huua bakteria lakini zinki hubaki palepale.