HER2 na Wenzake: Kuzisoma Alama za Saratani ya Matiti

Ndugu wasikilizaji, majibu ya kinyama kilichokatwa titini huja na herufi chache tu: ER na PR (vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea homoni za estrojeni na projesteroni), Ki-67 (kipimo cha kasi ya seli kugawanyika), na HER2 yenye tarakimu mbele yake. Jioni hii nitakaa zaidi na hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyobadilika maana mbele ya macho ya kizazi kimoja cha madaktari.

HER2 si mgeni mwilini. Ni protini iliyopenya utando wa seli, na jeni yake imo katika kromosomu ya 17, nakala mbili kwa kila seli yenye afya. Katika baadhi ya saratani nakala hizo huongezeka mno, protini hujazana kwenye utando, hushikamana zenyewe kwa zenyewe au na jamaa yake HER3, na seli huendelea kugawanyika bila kungoja ishara kutoka nje.

Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake, huko Marekani, walieleza kwamba kati ya saratani 189 za matiti walizozipima, takriban asilimia 30 zilikuwa na nakala za ziada. Kwa wanawake ambao ugonjwa ulikwishafika kwenye matezi ya kwapani, wingi huo ulibashiri kurudi kwa saratani na urefu wa maisha vizuri kuliko hata vipokezi vya homoni. Siku hizi kiwango kinachotajwa ni asilimia 15 hadi 20.

Saratani zenye HER2 nyingi mara kwa mara huwa na daraja la juu (seli zisizofanana tena na za kawaida) na Ki-67 kubwa, na vipokezi vya estrojeni huelekea kuwa vichache, ingawa zipo nyingi zenye vyote viwili. Hata hivyo, HER2 haifuti ukubwa wa uvimbe wala idadi ya matezi yaliyoingiliwa, na anayeisoma peke yake hajasoma majibu.

Kisha ikaja trastuzumabu, kingamwili inayoishika protini hiyohiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba, ikitolewa baada ya upasuaji pamoja na kemotherapia, hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Alama iliyokuwa habari mbaya ikawa pia mlango wa tiba, ila kwa anayeipata dawa; Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, lakini orodha si duka.

Yote haya yanategemea kipimo. Kwenye hadubini, alama ya juu kabisa ya HER2, 3+, ni duara kamili la rangi ya kahawia iliyokolea, inayoonyesha protini hiyo, kuzunguka zaidi ya seli 10 katika kila 100, hata kipande kikaonekana kama wavu wa banda la kuku. Jibu la 2+ halijakata shauri, na hapo ni lazima nakala za jeni zihesabiwe. Aidha, kinyama hutakiwa kuingia kwenye fomalini, maji ya kukihifadhi kisioze, ndani ya saa moja tangu kikatwe na kukaa humo kati ya saa 6 na 72. Kilichochelewa huweza kudanganya. Ndiyo maana nikiletewa maabara kichupa cha kinyama kisichoandikwa saa, hupiga simu chumba cha upasuaji kwanza, ndipo nishike kisu.