Diski ya Laptopu Yako Inakufa? Ipime kwa Mpangilio Huu

Karibuni mezani. Laptopu hii ni ya mwanafunzi wa chuo. Inachukua dakika 12 kuwaka, na ukifungua folda ya picha inaganda kabisa. Aliambiwa aweke Windows upya, akakataa. Namshukuru sana, kwa sababu humu ndani kuna utafiti wake wa mwaka wa mwisho na hana nakala nyingine popote.

Kama ya kwako ina dalili hizi, usianze kubonyeza ovyo. Diski inayokufa imebakiwa na pumzi chache, na kila jaribio unalolifanya linakula pumzi hizo. Kwa hiyo tunaanza na vipimo vyepesi, tunatoa faili, ndipo tunaingia kwenye kipimo kizito.

Kipimo cha kwanza ni sikio. Zima feni na redio, washa laptopu, halafu inamisha sikio karibu na pale unapoegemeza viganja ukichapa. Diski nyingi za laptopu za aina ya HDD, yaani zenye sahani ndani inayozunguka, huzunguka mara 5400 kwa dakika, na mvumo wake ni laini. Nasogeza maikrofoni, sikilizeni… mvumo upo, na mara mojamoja kuna mkwaruzo mdogo. Tunaweza kuendelea.

Lakini ukisikia tk, tk, tk kwa mapigo yanayolingana, kisha diski inanyamaza na kuanza kuzunguka upya, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka laptopu izime. Ishia hapo. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Kikigusa, kinakwangua palepale faili zako zilipoandikwa. Hiyo sasa ni kazi ya maabara ya kuokoa data, yenye chumba kisicho na vumbi. Usiifungue kwa bisibisi. Na tafadhali, usiiweke kwenye friza. Ushauri huo umezunguka miaka mingi, na unyevu unaoingia kwenye sahani unaharibu kilichobaki.

Kama laptopu yako ina SSD, diski ya chipu isiyo na sahani, hutasikia kitu, maana haina kinachozunguka. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya pili.

Hatua ya pili tunasoma kumbukumbu za diski yenyewe. Diski hujiandikia afya yake, mfumo unaoitwa SMART. Natumia CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kusomea SMART. Ipakue kwenye kompyuta nyingine, chukua ile ya zip isiyohitaji kusakinishwa, uilete kwa flashi. Hatutaki kuandika chochote kipya kwenye diski mgonjwa.

Imefunguka. Bluu maana yake nzima, njano tahadhari, nyekundu mbaya. Hii ni njano. Usiishie kwenye rangi, shuka kwenye namba. Kwanza ingia Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC], ili namba zisomeke kama tulivyozoea.

Tazama mstari wa 05. Hizo ni sehemu zilizokufa ambazo diski imeshazibadilisha kwa sehemu za akiba. Hapa ziko 312. Mstari wa C5 ndio unaoniumiza zaidi: ni sehemu ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, zinasubiri uamuzi. Ziko 88, na huenda ndani yake kuna vipande vya faili za huyu mwanafunzi. C6, sehemu zilizoshindikana kusomeka wala kusahihishwa, nayo inasema 88. Hii ni diski ya kuondoa.

Ukiona namba kubwa za kutisha kwenye 01 na 07 kwa diski za Seagate, usishtuke. Ndivyo zinavyohesabu hata zikiwa nzima. Na kama C7, makosa ya mawasiliano kati ya diski na laptopu, peke yake ndiyo inayopanda, shuku waya au kiunganishi kabla ya kushuku diski; chomoa, safisha, chomeka vizuri, kisha uangalie kama namba imesimama.

Sasa nawasihi: usiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwa wakati huu. Amri hiyo inapita diski nzima na kubadilisha mpangilio wa faili. Niliwahi kuiendesha usiku kwenye diski ya jirani yangu iliyokuwa na picha za harusi. Asubuhi laptopu haikuitambua diski kabisa. Picha zile hazikupatikana, na mpaka leo nikikutana na yule mama nalikumbuka jambo lile.

Tunachofanya ni kuwasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo endeshi mwingine wa bure unaoweza kuwaka bila kugusa Windows, tunachagua Try Ubuntu. Windows ikiwa imewaka inasoma na kuandika kwenye diski muda wote, hapa diski inapumzika. Chomeka chaja, maana betri za laptopu za zamani hazishiki chaji, na diski ya nje ya kupokelea. Kama Windows ilifungwa kwa BitLocker, kufuli yake ya kusimba diski, uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48.

Anza na faili ndogo zenye umuhimu: utafiti, vyeti, hesabu. Kisha picha. Video mwisho. Faili ikikwama, iruke uendelee na nyingine. Yaliyobaki yakigoma, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ambayo huchukua kwanza maeneo yanayosomeka kirahisi na kurudi baadaye kwenye magumu. Angalia amri yake mara mbili: chanzo kinaandikwa kwanza, mapokeo yanafuata. Ukigeuza, umefuta.

Utafiti wote umetoka, sura zote tano zinafunguka. Picha tatu zimekataa.

Sasa kipimo kizito. Humo humo kwenye Ubuntu, fungua programu ya Disks, chagua diski, ingia SMART Data & Self-Tests, anzisha Extended, kipimo kirefu. Kwa diski ya GB 500 tarajia zaidi ya saa moja. Hii haikufika mbali. Imesimama kwa kosa la kusoma. Nalegeza skrubu, naitoa, naandika MBOVU na tarehe kwa wino usiofutika, isije ikauzwa tena kwa mtu mwingine.