Jinsi ya kulifanya darasa zima lifikiri kwa swali moja

Habari mwalimu mwenzangu, karibu. Leo nakuonyesha mbinu moja tu ya ufundishaji shirikishi: wanafunzi wanajibu swali moja, wanajadiliana wawili wawili, kisha wanajibu tena. Ni moja tu kwa sababu ukiishika hii vizuri, nyingine zitakuwia rahisi. Eric Mazur, profesa wa fizikia, alianza kuitumia Chuo Kikuu cha Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini haidai mitambo: ubao, chaki na vidole vya wanafunzi vinatosha.

Andaa swali kabla ya kipindi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Swali zuri haliombi tarehe wala fasili ya kukariri. Linamlazimu mwanafunzi atumie alichofundishwa. Tazama hili nililoandika ubaoni: "Glasi imejaa maji hadi ukingoni, na kipande cha barafu kinaelea ndani yake. Barafu yote ikiyeyuka, maji (1) yatamwagika, (2) yatashuka, au (3) yatabaki palepale?" Yaangalie majibu yasiyo sahihi. Hayapo kujaza nafasi. Anayechagua la kwanza ameona barafu imechomoza juu ya maji, akaamini lazima sehemu ile iongeze kitu. Mawazo kama hayo utayapata ukipitia mazoezi ambayo wanafunzi wako wameyakosea.

Darasani, soma swali mara moja, kisha nyamaza. Dakika nzima, kila mtu aandike jibu lake daftarini bila kumtazama jirani. Najua kimya hicho ni kigumu kwetu walimu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalikuwa marefu na yenye hoja zaidi. Kwa hiyo vumilia.

Sasa piga kura. Hesabu hadi tatu, na wote waonyeshe namba ya jibu lao kwa vidole, kifuani, siyo juu. Mikono ikienda juu, wa nyuma watamwiga yule anayejulikana kwa kupata. Tupa jicho haraka. Zaidi ya asilimia 70 wakiwa wamepata, eleza kidogo uendelee. Wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya, maana wa kumwelewesha mwenzake ni wachache mno. Katikati ya hapo ndipo penye utamu. Waambie, "Tafuta jirani mwenye jibu tofauti na lako, umshawishi." Usitaje jibu, wala uso wako usilitoe.

Wakijadiliana, usikae mezani. Zunguka, inama, sikiliza. Utamsikia mmoja akisema, "Lakini barafu imechomoza!" na mwenzake akimjibu, "Maji yakiganda hutanuka, ndiyo maana." Mkumbuke huyo wa pili, utamwita aeleze. Kelele zitakuwepo na ni njema. Kubalianeni tu mapema ishara ya kunyamaza. Dakika 2 au 3 zinatosha.

Piga kura tena, kisha uliza sababu. Mwanafunzi mkimya usimuulize anafikiri nini. Muulize, "Mwenzako amekuambia nini?" Hapo anapata pa kuanzia. Halafu wewe ukamilishe: barafu inayoelea huchukua nafasi ya maji yenye uzito sawa na wake, na ikiyeyuka hujaza nafasi hiyohiyo. Maji yanabaki palepale. Eleza pia kwa nini jibu la kwanza linavutia, ili aliyelichagua asijione mjinga.

Jiandae kwa manung'uniko. Wapo watakaosema hufundishi. Utafiti wa Harvard uliochapishwa 2019 ulikuta kwamba wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa mbinu shirikishi walihisi wamejifunza kidogo, ilhali kwenye jaribio walifanya vizuri zaidi. Waambie hilo wiki ya kwanza kabisa.

Kipindi kikikaribia kwisha, kila mmoja aandike kwenye kikaratasi jambo moja ambalo bado halijamkaa. Vikusanye uvisome siku hiyohiyo. Swali lako linalofuata limo humo.