Dagaa Aliyekauka Hajakonda

Mhadhara kwa wafanyabiashara wa dagaa na samaki, Kirumba, Mwanza

Mwangaluka! Mbona mnaitikia kama mliokesha ziwani? Mwangaluka tena. Haya, sasa mmeamka.

Mwenyekiti wenu kanipa dakika arobaini nizungumzie kupunguza mwili. Wengi hapa mnanifahamu. Nimewapimia watoto kliniki, na wengine niliwapima ninyi wenyewe, mnaning'inia kwenye mizani ya ndoano huku mnapiga kelele. Kwa hiyo sitawaeleza kwamba kitambi kinaleta presha na kisukari. Mnalijua, redio inalisema kila siku, na mkitoka hapa mtapitia kwa muuza chipsi vilevile. Nimekuja na swali moja, lile ambalo hakuna anayeniuliza. Watu huniuliza nile nini, ninywe nini, nifunge tumbo na nini. Hakuna anayeuliza itachukua muda gani. Na hapo ndipo mnapoibiwa.

Nianze na mama mmoja. Simtaji, na msigeuze shingo kumtafuta. Mfanyabiashara wa dagaa kama ninyi. Alinijia ana kilo 96 na kadi mkononi: sendofu ya binti yake, zimebaki wiki nane. Akasema, "Sista, nataka niingie ukumbini na kilo sabini." Nikachukua kalamu nimwonyeshe hesabu. Akagoma. Huyu ni mtu anayeweza kukuambia kwa kichwa faida ya magunia arobaini mpaka shilingi ya mwisho, ushuru na wabebaji wakiwa humohumo. Hesabu ya mwili wake hataki hata kuiona.

Akaenda zake. Wiki nzima chai ya rangi, tikiti, na majani fulani aliyouziwa stendi, yale ya kukukimbiza chooni mara tano kwa siku. Siku ya saba akarudi anacheka. Mizani: 92. Kilo nne! "Unaona, Sista? Wewe ulikuwa unanikatisha tamaa." Akatoka kwangu moja kwa moja mpaka kwa fundi, akamwambia lile gauni la lesi alikate dogo.

Nilimwita. Nikamuuliza, dagaa akitoka mtumbwini alfajiri ukampima, ukamwanika kwenye chanja, jua likapiga, jioni ukampima tena, uzito uko wapi? Akacheka. "Sista, si umeenda na maji?" Nikamuuliza, kwa hiyo dagaa amekonda? "Hajakonda, amekauka." Na akinyeshewa? Akanyamaza. Maana anajua. Ninyi nyote mnajua, na wapo humu wanaojua zaidi ya inavyotakiwa. Msicheke, Wakala wa Vipimo wanasikia.

Sasa sikilizeni, hili ndilo limenifanya nipande daladala asubuhi hii. Mwili una akiba ya wanga, inakaa kwenye ini na kwenye misuli. Kwa mtu mzima ni kama nusu kilo hivi. Kila gramu ya akiba hiyo imekumbatia gramu tatu au zaidi za maji. Ukiacha kula ghafla, mwili unatumia akiba hiyo kwanza, na yale maji hayana tena pa kukaa, unayakojoa. Hapo tu kilo mbili zimeondoka. Ongeza tumbo lililo tupu, ongeza yale majani ya stendi. Kilo nne zimetimia, na mafuta ya kiunoni yako palepale yanakutazama. Siku utakayokula ugali wako wa kawaida, akiba inajazwa, maji yanarudi, na wewe unalia kwamba umerogwa.

Yule mama wiki ya pili alipungua robo tatu ya kilo, ya tatu chini ya nusu. Wiki ya nne kukawa na kitchen pati. Pilau, soda, wali wa nazi. Akarudi 94. Siku ya sendofu zipu haikupanda, fundi akaongeza kipande cha lesi ubavuni, cha rangi inayokaribiana. Picha zipo. Kwenye zote amesimama upande.

Mtaniambia: Sista, mbona pale kwenye nguzo ya umeme kuna tangazo la kupunguza kilo kumi kwa siku kumi? Na namba ya simu ipo! Nalijua hilo tangazo. Nimelisoma nikiwa kwenye foleni ya gari, nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba kama kalori 7,700. Kilo kumi ni 77,000. Gawanya kwa siku kumi: 7,700 kwa siku. Mama wa kawaida, anayesimama kwenye meza yake na kurudi nyumbani kupika, anatumia kalori 2,000 na kitu kwa siku nzima. Hata ukishona mdomo, usile punje, usinywe chochote ila maji, siku kumi huwezi kufikisha hata kilo tatu za mafuta. Hizo nyingine saba zinatoka wapi? Maji, misuli, na pochi yako.

Nasikia mtu kule nyuma: "Lakini fulani alipungua kweli." Ndiyo. Mtu anaweza kupungua kilo kumi kwa mwezi, na mimi nimewaona wengi, wodini. Kifua kikuu kinapunguza. Kisukari kisichotibiwa kinapunguza. Virusi vya UKIMWI bila dawa vinapunguza. Kama unapungua haraka na hukupanga kupungua, usifurahie, njoo upimwe. Na hili linanileta kwenye jambo ambalo akina mama hunong'oneza mlango ukishafungwa: "Sista, nikipungua watasema nimeumia." Nalielewa. Katika mji huu tumezika watu wengi waliokonda kabla ya kufa, na macho ya majirani hayajasahau. Lakini angalieni: anayepungua nusu kilo kwa wiki jirani hashtuki. Miezi sita inapita ndipo anauliza, "Hivi wewe umebadilisha fundi?" Polepole ina faida hiyo pia, haina msiba.

Sasa hesabu ya kweli. Punguza kalori 500 kwa siku katika unachokula. Si nyingi: soda moja, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kukaangia, andazi moja la ziada, na lile tonge la mwisho unalokula kwa sababu sufuria inakutazama. Kwa wiki ni 3,500, karibu nusu kilo. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, hapo ndipo hospitali nyingi duniani zinakwambia uko salama. Zaidi ya hapo kwa muda mrefu unakula misuli yako mwenyewe, na mawe ya nyongo yanakunyemelea.

Basi mtu anachukua kalamu, nusu kilo mara wiki 52, anapata kilo 26, anaanza kuimba. Weka kalamu chini. Haiendi hivyo. Mwili ukipungua unakuwa mdogo, na mwili mdogo unatumia kalori chache. Mtumbwi ukishapakua nusu ya mzigo, mafuta ya injini unayotumia si yaleyale. Kwa hiyo sahani ileile iliyokupunguza mwezi wa kwanza, mwezi wa tisa inakusimamisha tu. Mwaka 2011 mtafiti Kevin Hall wa Marekani na wenzake walichapisha hesabu hizi kwenye jarida la kitabibu la Lancet. Ukibadilisha ulaji wako na ukashikilia hapohapo, nusu ya badiliko lote utaipata kwa karibu mwaka mmoja. Ili ufike karibu lote, asilimia 95, ni kama miaka mitatu. Miaka mitatu! Najua, nimeona nyuso zenu.

Lakini mbona daraja la Kigongo–Busisi mlilisubiri? Kilometa tatu za kuvuka maji, na limefunguliwa mwaka 2025 baada ya miaka zaidi ya mitano. Mwaka mzima ukipita pale unaona nguzo tu, hakuna pa kupita, na bado mlipanda kivuko kila siku. Sikumsikia mtu akisema mkandarasi amerogwa. Mwili uliojengwa kwa miaka ishirini, chapati juu ya chapati, mnataka ubomolewe kabla ya Pasaka.

Na wale mliosikia habari za sindano za kupunguza mwili, zile za kina matajiri. Utafiti mkubwa wa semaglutaidi, mojawapo ya sindano hizo, uliochapishwa 2021 uliwaonyesha watu wakipungua kwa wastani asilimia 15 ya uzito. Vizuri sana. Kwa muda gani? Wiki 68. Mwaka na zaidi ya miezi mitatu, kwa dawa kali yenye bei kali! Na walipoacha, mwaka uliofuata walirudishiwa theluthi mbili ya walichopunguza. Sasa wewe na majani yako ya stendi unataka siku kumi.

Habari njema ipo, msininunie. Huhitaji kufika kilo sabini ndipo mwili ushukuru. Kule Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wanakaribia kisukari, matokeo yakatoka mwaka 2002. Kundi moja liliambiwa lipunguze asilimia 7 tu ya uzito na litembee dakika 150 kwa wiki. Kwa karibu miaka mitatu, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakupata mafunzo hayo wala dawa. Asilimia 7! Kwa mwenye kilo 100 ni kilo saba. Kwa yule mama wangu ni chini kidogo ya saba.

Maana alirudi, sijawaambia. Miezi miwili baada ya sendofu, kimyakimya, safari hii na daftari la hesabu za dagaa. Tukakubaliana atapimwa mara moja kwa wiki, Jumamosi, kabla ya chai, baada ya choo, mizani ileile, nguo ileile. Uzito unapanda na kushuka kilo moja au mbili kati ya asubuhi na jioni, anayejipima kila saa atapata wazimu bure. Ugali ukabaki, lakini si ule wa ukubwa wa jiwe la Bismarck. Ngumi yake mwenyewe. Sato wa kuchemsha badala ya kukaanga, mlenda na mchicha nusu ya sahani. Akaacha bodaboda ya kumpandisha Mabatini, akawa anapanda mlima kwa miguu, mwendo wa mtu anayewahi kivuko cha Kamanga, unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Miezi mitatu: kilo tano. Mwezi wa tano: kilo saba, presha ikaanza kushuka. Mwezi wa saba na wa nane, hakuna kitu. Sifuri. Akanifuata amekasirika, kana kwamba nimemficha kilo zake.

Nikamwambia, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wako wa dagaa wanafanya nini? Wanatoa mitumbwi majini, wanashona nyavu. Wanauza injini? Hawauzi. Basi shona nyavu. Tukapima kiuno kwa tepu ya fundi: kimepungua sentimeta tatu wakati mizani imekaa kimya. Kwa mwanamke, kiuno kikipita sentimeta 88 ni hatari, kwa mwanaume 102, na akina baba mnaokaza mkanda chini ya kitambi, tunapima karibu na usawa wa kitovu, hatupimi hapo mnapopenda. Mwaka ulipotimia alikuwa 84. Kilo kumi na mbili. Sabini hajaifikia mpaka leo, na sijui kama ataifikia, na amekwishaacha kuniuliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo ya kufunga, Ramadhani na Kwaresima, mtu anafunga mchana na usiku anakula kama anayehama, nayaacha. Waliojifungua karibuni: mnanyonyesha, msijinyime, tutaongea peke yetu. Mnaotumia dawa za kisukari au sindano ya insulini: msibadilishe chakula kabla ya kuongea na daktari wenu, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka hapo Mwaloni kati ya magunia. Mnaotumia dawa za presha vilevile. Pombe ina kalori, ndiyo, na ile ya kienyeji pia, sitaki mjadala.

Swali moja tu. Ndiyo, kijana. Anauliza mwaka wa pili mtu anafanya nini. Swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka huu. Mwaka wa pili unafanya yaleyale, sahani ileile, mlima uleule, na mizani haikupi zawadi. Unakaa tu pale ulipofika. Hiyo ndiyo kazi ngumu, na haina picha ya kabla na baada, ndiyo maana hamwioni kwenye nguzo ya umeme.

Haya, wabeja. Mizani iko pale mlangoni, na daftari ninalo. Naandika kimya, namba ya mtu siisomi kwa sauti. Mama wa kwanza, karibu. Vua viatu. Na hicho kibindo cha hela, mama, kitoe, tusije tukaanza mwaka kwa kupima sarafu.