Ile 1 Iliyo Ndani ya 16

Walimu wenzangu, na wazazi mliofika, asanteni kwa kunikaribisha.

Nianze na namba moja tu: 16. Mpe mtoto wa madarasa ya mwanzo vijiti kumi na sita, avihesabu, kisha aandike idadi yake. Ataandika vizuri. Sasa gusa ile 6, umwulize inasimamia vijiti vipi. Atakutengea sita. Gusa ile 1. Watoto wengi watachukua kijiti kimoja, na vile tisa vinavyobaki mezani haviwasumbui hata kidogo.

Mtoto huyo anajua kuhesabu na kuandika. Ukimwuliza, pengine atakwambia kwamba 1 iko nafasi ya makumi na 6 iko nafasi ya mamoja. Majina ya nafasi anayo. Kinachompungukia ni wazo kwamba vitu kumi vyaweza kufungwa vikawa fungu moja, na bado vikabaki kumi.

Tusimlaumu, kwa sababu wanadamu wenyewe walichelewa kulifikia wazo hili. Warumi waliandika X kwa kumi, na X ilikuwa kumi popote ilipokaa. Wababeli walitumia nafasi, wakihesabu kwa sitini sitini, lakini kwa muda mrefu hawakuwa na alama ya kuonyesha nafasi iliyo tupu. Wahindi ndio waliotupa mfumo wa tarakimu kumi, sifuri ikiwemo. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za kukokotoa kwa sifuri. Katika karne ya 9, al-Khwarizmi akiwa Baghdad aliueleza mfumo huo kwa Kiarabu, na mwaka 1202 Leonardo wa Pisa aliwaeleza wasomaji wa Ulaya. Nasi twataka mtoto aupate kwa vipindi vichache!

Sifuri hasa ndiyo huwatesa. Mwambie mtoto aandike mia na sita, huenda ukaona 1006. Ameandika alivyosikia: mia, halafu sita. Mkosoe kwa vitu, kalamu nyekundu haitamfundisha neno. Weka fungu la mia, weka vijiti sita, kisha muulize makumi yaliyo nje ya fungu ni mangapi. Hakuna. Basi hapo katikati panahitaji alama ya kusema hakuna, ili 1 isisogee ikawa kumi.

Sasa tuje kwenye kutoa, maana hapa ndipo madeni yote ya nyuma hudaiwa. 502 kutoa 178. Mtoto asiyeelewa nafasi hutoa ndogo kwenye kubwa kila safu, bila kujali ipi iko juu, akapata 476. Mwingine amekariri "kukopa", akifika kwenye sifuri anakwama: atakopaje pasipo na kitu? Mimi neno hilo silipendi darasani, kwa sababu kinachokopwa hurudishwa, na hapa hakuna kinachorudi. Tunafungua mafungu, basi. Fungua mia moja, upate makumi kumi. Fungua kumi moja kati ya hayo, upate mamoja kumi. Ile 502 sasa ni mamia 4, makumi 9 na mamoja 12. Hakuna kijiti kilichoongezeka wala kupotea. Toa sasa: 324. Mtoto aliyefungua mafungu kwa mikono yake haulizi tena ile 9 imetoka wapi.

Kwa hiyo vijiti visiondolewe mapema. Na visiwe vimefungwa tayari na mwalimu. Mtoto afunge mwenyewe, ahesabu kumi, akaze uzi.

Kuna swali moja ninalolipenda kwa kupima uelewa: katika 352 kuna makumi mangapi? Wengi hujibu 5. Tarakimu iliyo kwenye nafasi ya makumi ni 5, kweli, lakini makumi yaliyomo ni 35, kwa kuwa kila mia ina makumi kumi ndani yake. Liulizeni kesho, na msikilize maelezo zaidi ya jibu. Anayesema 35 na kuweza kuonyesha mafungu yake yuko tayari kwa kugawanya. Anayesema 5 mrudishieni vijiti, hata kama madaftari yake yamejaa alama za vema.