Theluji ya huku naiondoa ndani ya saa 24, maji ya bati langu yanamwagikia uwani kwa jirani Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Tanga, na nyote mnaotazama popote mlipo. Ngojeni niinamishe simu muone miguu yangu. Hii nyeupe yote ni theluji, imeanguka usiku kucha, na hili mkononi ni chepe, ila ni la plastiki. Hapa Minneapolis ni saa moja na nusu asubuhi. Huko nyumbani ni saa kumi na nusu jioni, nadhani wengi mmeshaswali alasiri, mko barazani.

Hii njia ninayoisafisha si yangu. Ni ya wapita njia, mali ya jiji. Lakini imepita mbele ya nyumba yangu, na sheria ya hapa inasema mwenye nyumba ya familia moja au mbili ana saa 24 za kuiondoa theluji tangu ikome kuanguka. Maduka na majengo makubwa ya kupangisha wana saa nne tu za mchana. Ukipuuza, jiji linaleta watu wake, wanaondoa, halafu bili inakuja kwako. Usipoilipa, inapachikwa kwenye kodi ya nyumba yako. Kwa hiyo mimi mtoto wa Makorora, niliyezaliwa na jua la Tanga, saa hii niko nje na baridi hii kwa ajili ya watu nisiowajua wasije wakateleza.

Leo nataka kuwaambia jambo lililoniumiza, na naomba wenzangu wa ughaibuni mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu linatuhusu zaidi sisi kuliko walioko nyumbani.

Mwezi wa tano mwaka jana nilipata barua kutoka jiji. Nyasi za mbele ya nyumba yangu zimepita inchi 8. Inchi 8 ni kama shubiri moja, nimepima kwa mkono wangu. Nilikuwa nafanya zamu mbili kazini, nyasi sikuziangalia. Hapa kuna namba ya simu, 311, mtu yeyote anapiga: shimo barabarani, takataka, gari lililotelekezwa, nyasi za jirani. Mtu akapiga. Sijui ni nani, na huenda ni mmoja wa hawa ninaowasalimia kila siku. Barua ilikuwa na tarehe, kifungu cha sheria, na siku nilizopewa. Nilikata nyasi jioni ile ile, sare ya kazini bado mwilini.

Wiki hiyo hiyo, mama akanipigia kutoka Tanga. Masika ilikuwa imekolea. Akazunguka sana, mara kuniuliza watoto, mara bei ya samaki sokoni Makorora, nikajua kuna neno. Mwisho akasema: "Mwanangu, jirani yako wa Kange amekuja kwangu. Hakutaka nikwambie."

Mnajua nina kiwanja Kange, hapo hapo Tanga, nimewahi kuwaonyesha ujenzi. Nilituma pesa kidogo kidogo, nyumba ikapanda, nikafurahi, nikawapigia video mkanipongeza. Kumbe bati la upande wa kushoto limetokeza mpaka karibu na ukuta wa mama jirani, na halina gata. Kila mvua ikinyesha, maji yote ya paa yanashukia uwani kwake. Jiko lake la nje limejaa maji, kuni zimelowa. Na shimo la choo, mafundi walilichimba hatua tatu kutoka ukuta wake wa chumbani. Hatua tatu.

Nikamuuliza mama, tangu lini? Akasema tangu vuli. Yaani yule mama mtu mzima amevumilia vuli nzima, na kaskazi yote mashimo yakichimbwa, mpaka masika, na hakusema. Kwa nini? "Anaona muhali. Anasema mtoto yuko mbali, anajenga kwa jasho lake, nitamsemaje?"

Neno hilo muhali, ile haya ya kumwambia mtu neno la kumuudhi, sijaacha kulifikiria mpaka leo. Huku Minneapolis jirani hana muhali na mimi. Nyasi shubiri moja, simu imepigwa. Ndiyo maana nafuata sheria zao kwa rula. Nyumbani nilikuwa nimejenga juu ya muhali wa mama wa watu, na pesa yangu ya dola ndiyo iliyomziba mdomo. Ningekuwa kijana wa mtaani hapo, angenifuata siku ya kwanza akaniambia, "We, ondoa bati lako." Lakini mtu wa nje anaogopwa, anapambwa, anaambiwa nyumba nzuri. Wenzangu, hebu pigeni simu nyumbani leo muulize jirani wa kiwanja chenu anasemaje. Msimuulize fundi.

Kabla sijajua nifanye nini, wakaguzi wakapita. Ukutani kwangu ikachorwa X nyekundu, na chini yake SIMAMISHA. Msimamizi wangu alikuwa ameniambia kibali cha ujenzi "kimeshughulikiwa", nikamtumia pesa, na risiti sikuidai. Hapakuwa na kibali. Simtupii yeye lawama yote, kwa sababu mimi niliyeshindwa kuuliza karatasi ya Kange ndiye mimi niliyehifadhi barua ya nyasi kwenye faili.

Sasa niwaelezeni vizuri, maana wengi mnaniuliza kwa ujumbe. Tanga ni jiji tangu 2005, na ndani ya eneo la mipango miji huwezi kuinua nyumba, wala kuongeza vyumba, wala kujenga ukuta wa uzio, bila kibali cha halmashauri. Unahitaji karatasi ya kuonyesha kiwanja ni chako na michoro ya jengo. Maombi siku hizi yanapita mtandaoni, kwenye mfumo wa serikali uitwao TAUSI, na ukikwama unakwenda ofisini. Michoro inapita kwa watu wa ardhi na mipango miji, kwa mhandisi, kwa afya. Hapo ndipo swali la bati na shimo lingeulizwa, kwenye karatasi, kabla ya tofali la kwanza. Afisa mipango miji ndiye atakayekwambia uache nafasi gani kutoka mpakani, kwa sababu inategemea kiwanja chenyewe. Usichukue kipimo cha fundi, wala changu. Na malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba, risiti inatoka. Anayetaka mkononi, mkatalie kwa adabu. Ukiwa nje, mwambie ndugu yako akupigie picha ya kibali chenyewe, si ya msingi.

Mafundi hawapendi hili ninalosema sasa, lakini jiwe la mpaka, bikoni, halihamishwi. Si kwa sababu linazuia geti, si kwa sababu "mwenyewe hayupo". Kuling'oa ni kosa la jinai. Bikoni ikipotea, anaitwa mpima ardhi, hapimwi mtu kwa kamba ya katani.

Kodi ya jengo nitaipitia haraka. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, huu wa kulipia kabla. Mwanzo ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kuanzia 2023 ni 1,500. Nyumba ikiwa na mita mbili ikakatwa mara mbili, nendeni mkalalamike, inarekebishwa. Na mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji wako anayenunua umeme, ila kodi ni yako, kwa hiyo mhesabie kwenye pango. Kodi ya ardhi ni nyingine kabisa, hiyo ya kila mwaka, msizichanganye.

Turudi kwenye kero, maana hapo ndipo penye watu.

Dada mmoja kutoka Ngamiani aliniandikia: nyumba ya nyuma wana spika, wiki haipiti bila shughuli, mpaka alfajiri, na ana mtoto mchanga. Anaogopa kusema kwa sababu ataambiwa ana roho mbaya, hapendi furaha za watu. Dada yangu, mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye mikesha na ngoma, baikoko nimeiona uwanjani nikiwa sifiki kiunoni mwa mtu. Sizungumzi kuua shughuli. Lakini nchi ina kanuni za kelele za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Eneo la makazi kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unahesabiwa kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni mtu anayenong'ona. Spika ya harusi haimo humo hata kidogo. Kwa hiyo si roho mbaya yako, ni sheria, na ina faida moja kubwa: inakupa maneno ya kusema bila kumtukana mtu.

Ningekuwa wewe ningeanza mchana, siku isiyo na shughuli, nikaenda kwa mama mwenye nyumba, si kwa vijana wa spika. Nikabisha hodi, nikakaa, nikamwambia, "Shangazi, mtoto halali." Mara nyingi linaishia hapo. Lisipoishia, andika tarehe na saa kwenye daftari, siku tatu nne, halafu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Mwenyekiti mlimchagua wenyewe, mtendaji ameajiriwa kwa kazi hiyo. Ukienda na daftari hutaambiwa umekurupuka. Juu yao kuna mtendaji wa kata, na halmashauri ina sheria ndogo zake zenye faini. Na wewe mwenye shughuli, barabara ya mtaa ukitaka kuifunga kwa turubai, omba ruhusa mapema, uwaambie majirani wenye wagonjwa.

Maji machafu yanayotiririshwa barabarani, choo kinachofurika, taka zinazochomwa moshi ukaingia kwa watu, mifugo inayolala kwenye mtaro: hizo mpelekeeni bwana afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa nguvu ya kukagua na kumpa mtu ilani ya kuondoa kero. Na shimo la choo wataalamu wa afya wanataka liwe mbali na kisima, mita 30 ndicho kipimo kinachotajwa. Tanga ni pwani, maji yako karibu chini, wengi bado mnachota visimani mabomba yakikatika. Mita 30, ndugu zangu. Mimi nilikuwa na hatua tatu kutoka kitanda cha mtu.

Mgogoro ukiwa wa ardhi yenyewe, mpaka au umiliki, unaanzia Baraza la Kata. Lakini tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Mkishindwa kupatana ndani ya siku 30, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo wanaoruka hatua ya kwanza, wanarudishwa. Na nawaambia kwa moyo wangu, ile ya kukaa mkasuluhishwa msiidharau. Kesi ya mpaka inaweza kula miaka na pesa, na wote wawili bado mtakuwa mnachota maji kisima kimoja.

Mimi nilimpigia mama jirani mwenyewe. Niliogopa kuliko nilivyoogopa barua ya jiji. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, ni mimi mwenye nyumba ya pembeni. Nimekukosea." Akanyamaza kidogo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama huku baridi inanitesa. Nililia. Yeye ndiye uwani wake umejaa maji, yeye ndiye anayenionea huruma.

Ujenzi ulisimama miezi minne. Nimelipa nilichotakiwa kulipa, michoro imechorwa upya, kibali nimekipata na nakala ninayo hapa kwenye simu. Shimo lile limefukiwa, jipya liko upande wa barabara, bwana afya alikuja kuliona kabla halijafunikwa. Bati limekatwa.

Limebaki gata. Vuli ilipita na ndoo na karai, sikufurahi nalo, na masika haiko mbali.

Mama yangu wa Kange, najua mjukuu wako hukuonyesha video zangu. Gata limeshanunuliwa, lipo kwa mama Makorora, pamoja na bomba la kuyashusha maji mpaka kwenye mtaro wangu. Fundi anakuja Jumamosi baada ya alasiri. Nimemwambia abishe hodi kwako kwanza, wewe ndiye utamwonyesha maji yanapoingilia. Kazi akiimaliza, asiondoke mpaka umwage ndoo juu ya bati ukaangalie mwenyewe. Na asipofika, usimwambie mama. Nipigie mimi, saa yoyote, hata kama huku ni usiku.