Tiketi Mbili, Safari Moja: Kuunganisha Ndege Mwenyewe Ukiwa Ugenini

Mazungumzo haya yamerekodiwa Lubumbashi. Wanaozungumza ni ndugu wawili: Yaya, yaani mkubwa, ambaye ni mfanyabiashara wa vitambaa, na Mdogo wake, anayefanya kazi katika ajansi ya safari.

MDOGO: Hamjambo wasikilizaji wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, pamoja nanyi mnaotusikiliza kutoka mbali. Wiki hii tumepokea ujumbe wa sauti wa mama mmoja wa Kamalondo, na kwa ruhusa yake tutaujibu hapa. Ameona tiketi ya Lubumbashi hadi Johannesburg ya shirika moja, na nyingine ya Johannesburg hadi Dubai ya shirika jingine, na kwa hesabu yake ataokoa dola 210 kuliko akinunua tiketi moja inayopitia Addis Ababa. Viza ya Dubai anayo tayari. Anachouliza ni kama saa tano kati ya ndege na ndege zinatosha.

YAYA: Mama, pole kwa mahangaiko ya kutafuta bei, nayajua vizuri. Lakini kabla ya kuhesabu saa, kuna jambo la mlango. Ukishuka Johannesburg na tiketi ya aina hiyo, valizi yako itatokea kwenye mkanda wa mizigo ulio ng'ambo ya dirisha la uhamiaji. Ili uifikie ni lazima uingie Afrika Kusini, na sisi wenye pasipoti ya Kongo hatuingii Afrika Kusini bila viza. Hata ungepewa saa kumi na mbili, bila viza hiyo utabaki upande wa ndani na valizi itabaki upande wa nje.

MDOGO: Yaya, huenda hata asifike huko. Wafanyakazi wa kaunta pale Luano, uwanja wetu wa ndege wa Lubumbashi, hutazama mfumo uitwao Timatic, unaoendeshwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege, ambao huwaonyesha hati anazodaiwa abiria wa kila pasipoti kwa kila nchi. Kwa tiketi ya kwanza, safari ya mama inaishia Johannesburg. Tiketi ya pili haimo katika kumbukumbu za shirika lile. Kwa hiyo wataomba viza ya Afrika Kusini, na wasipoiona wana haki ya kukataa kumpandisha, kwa sababu shirika likimpeleka mtu asiye na hati, ndilo linalotozwa faini na kulazimika kumrudisha.

YAYA: Wapo watakaosema walionyesha tiketi ya pili wakapita.

MDOGO: Wapo, na sikatai, hasa wale wasio na mzigo wa kupakia, ambao wameshajiandikisha kwa simu na wana kadi ya kupandia ndege ya pili mkononi. Lakini uamuzi huo unamtegemea mfanyakazi wa asubuhi ile, na mtu hawezi kuweka mtaji wake wote juu ya uso wa mtu asiyemjua. Ninaomba wasikilizaji wazingatie hili kwa sababu mashauri mengi yanayozunguka kwenye intaneti yameandikwa na watu ambao pasipoti zao hufunguliwa milango karibu kila mahali. Wao huanza na saa. Sisi tunaanza na mlango.

YAYA: Waeleze habari ya Ulaya, maana huko ndiko wengi huumia.

MDOGO: Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya viza nambari 810 ya mwaka 2009, umeorodhesha nchi 12 ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita uwanjani, yaani viza ya aina A, hata kama hawatoki nje ya eneo la wasafiri. Kongo yetu imo katika orodha hiyo, pamoja na Nigeria, Ghana, Ethiopia, Somalia na nyingine. Maana yake ni kwamba kubadilisha ndege Brussels, Paris au Frankfurt, hata kwa tiketi moja, kwa kawaida hudai viza hiyo, isipokuwa uwe na hati inayokusamehe, kwa mfano viza halali ya Schengen, yaani ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, au ya Marekani au ya Kanada. Na ukiwa na tiketi mbili zenye valizi ya kuchukua na kupakia upya, ile ya aina A haitoshi, kwa sababu haikuruhusu kuvuka mpaka. Utahitaji viza ya Schengen yenyewe.

YAYA: Kwa upande wa Nairobi mambo ni mepesi zaidi. Tangu Septemba 2023 tunaingia Kenya bila viza, baada ya nchi yetu kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo mtu anayetaka kuunganisha mwenyewe, Nairobi anaweza kutoka, kuchukua valizi yake na kurudi kaunta. Hata hivyo athibitishe kabla ya kulipa, kwa sababu masharti ya viza hubadilika.

MDOGO: Sasa tuje kwenye saa. Yaya, wasimulie yaliyokupata Dubai.

YAYA: Ilikuwa safari ya kwenda Mumbai kununua vitambaa vya harusi. Nilikuwa na tiketi ya kunifikisha Dubai, na nyingine, ya kwenda na kurudi, kutoka Dubai hadi Mumbai, kwa shirika jingine. Viza zote mbili nilikuwa nazo, kwa hiyo mlango haukuwa shida. Kati ya ndege na ndege nilikuwa na saa tano, kama mama huyu. Ndege ya kwanza ikachelewa kuondoka saa mbili na nusu. Nilikaa pale kwenye benchi, simu mkononi, nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba tumechelewa, nikila njugu. Saa mbili na nusu nzima sikumpigia mtu yeyote wa ndege ya pili.

MDOGO: Hapo ndipo palipoharibika.

YAYA: Hapo hasa. Tuliposhuka Dubai, foleni ya pasipoti ilikuwa ndefu, na kwenye mkanda valizi yangu ya kijani ikatokea karibu ya mwisho. Nikauliza kaunta ya ndege ya Mumbai iko wapi, nikaambiwa iko Terminali 2. Mimi nilikuwa Terminali 3, na Terminali 2 iko upande wa pili wa njia za kurukia ndege, hivyo mtu hutoka nje na kuzunguka kwa gari. Nikakodi teksi. Nilipofika zilikuwa zimebaki dakika 50 ndege iruke, na kaunta ilikuwa imefungwa dakika 60 kabla. Yule kijana alikuwa anakunja utepe wa foleni. Nyuma yake niliona valizi za abiria wenzangu zikipanda kwenye mkanda mmoja baada ya mwingine, na yangu ikiwa miguuni pangu. Alinihurumia, lakini mfumo wake ulikuwa umeshafungwa.

MDOGO: Ukanunua tiketi nyingine.

YAYA: Dola 340, kwenda tu, nikiamini kwamba tiketi ya kurudi bado ninayo. Siku ya kurudi, Mumbai, nikaambiwa jina langu halimo.

MDOGO: Hili tulieleze polepole, kwa sababu watu wengi hawalijui. Abiria asipotokea kwenye kipande cha kwanza cha tiketi, mashirika mengi hufuta vipande vyote vinavyofuata, na cha kurudi kikiwamo. Lakini tiketi inayobadilishwa kabla ndege haijaondoka bado iko hai. Laiti Yaya angepiga simu akiwa kwenye benchi lile, pengine angelipa ada ya kubadilisha siku, na tofauti ya bei kama ipo, na safari ya kurudi ingebaki. Kwa hiyo ukiona ndege ya kwanza imechelewa na hesabu yako imebana, usingoje ufike. Tafuta mtandao, ingia kwenye programu ya shirika la pili au piga simu, ubadilishe papo hapo.

YAYA: Na shirika la kwanza halikunidai wala sikulidai. Lilinifikisha Dubai, kazi yake ikaishia hapo.

MDOGO: Ndivyo mkataba ulivyo. Hata huko Ulaya, ambako sheria nambari 261 ya mwaka 2004 humpa abiria aliyecheleweshwa saa tatu au zaidi fidia ya euro 250 hadi 600 kulingana na umbali, ikiwa sababu iko ndani ya uwezo wa shirika, kuchelewa huko hupimwa mwisho wa safari uliyoikata pamoja. Ndege uliyoikata kando haimo. Ukiwa na tiketi moja, shirika ndilo linalotafuta ndege nyingine. Ukiwa na tiketi mbili, pale katikati shirika ni wewe.

YAYA: Mtu atajuaje kwamba tiketi yake ni moja? Kuna ajansi zinazokuchapia karatasi moja yenye ndege zote, ukadhani ni safari moja.

MDOGO: Asitazame karatasi. Atazame nambari ya tiketi, ambayo ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: Ethiopian ni 071, Kenya Airways ni 706, Emirates ni 176. Akiona nambari mbili zenye mianzo tofauti, aulize mara moja nani atambebea valizi na nani atamlaza akikosa ndege. Halafu pale Luano asiondoke kaunta kabla ya kusoma kile kikaratasi kirefu kinachofungwa kwenye mpini wa valizi. Herufi tatu kubwa ni za uwanja ambapo mzigo utashushwa. Kama safari ni ya Dubai na kikaratasi kinaishia JNB, basi valizi inashuka Johannesburg. Ukitaka ifike Dubai yenyewe, lazima uone DXB.

YAYA: Na kilo?

MDOGO: Kila shirika lina kilo zake. Shirika la kwanza linaweza kukupa vipande viwili vya kilo 23, na la pili likakupa kilo 20 tu, ukalipia zilizozidi ugenini kwa bei ya kaunta. Pia tarehe: ndege ya saa 00:20 ya tarehe 15 hupandwa usiku wa tarehe 14. Nimewahi kuwahudumia watu watatu waliofika siku nzima baadaye.

YAYA: Na kadi ya njano iwekwe ndani ya pasipoti, isiwekwe valizini. Mtu akitoka kwetu akaingia Afrika Kusini huulizwa chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, kwa hiyo asikubali kuambiwa kimekwisha kwa sababu miaka kumi imepita.

MDOGO: Kwa anayelazimika kuunganisha mwenyewe, mimi humshauri alale huko usiku mmoja kama viza inamruhusu, au achague njia ambayo ndege ya pili huruka mara kadhaa kwa siku, ili akiikosa moja asisubiri siku tatu. Saa tano kwangu ni chache, zaidi kwa mwenye mzigo.

YAYA: Sasa tumjibu mama. Zile dola 210, akitoa ada ya viza ya Afrika Kusini, akitoa kilo zitakazozidi, na akikumbuka siku atakazongoja viza hiyo wakati duka limefungwa, sioni kinachobaki. Ningekuwa mimi ningelipa ile ya Addis.

MDOGO: Ujumbe wake unasema bei hiyo inaisha Ijumaa. Nitampigia leo jioni tuifungue pamoja, tuone kama kweli ni nambari moja hadi Dubai.

YAYA: Muulize pia kilo za kurudi, mdogo wangu. Kwenda ataenda na valizi tupu, lakini vitambaa vyote viko kwenye safari ya kurudi.